Kuifanyia majaribio hifadhi ya kidijitali kabla ya uzinduzi

Chuo au kituo cha utafiti Mtwara kinachotaka kuweka tasnifu na ripoti zake mtandaoni kitenge wiki 4 za majaribio. Pakieni nyaraka 100 tu, tena za kila aina: tasnifu mpya, ramani, picha, ripoti za zamani zilizofifia. Mkichagua zile safi pekee, matatizo yatawasubiri siku ya uzinduzi.

Watumiaji 8 wanatosha, ila wasiwe watu wa TEHAMA. Chukueni watafiti 3 wa kupakia kazi zao, mkutubi mmoja wa kuhakiki, wanafunzi 2 na maafisa ugani 2 watakaotafuta kwa simu. Msianze Oktoba; minada ya korosho ikishaanza, afisa ugani hamumpati.

Kila mmoja mpeni kazi halisi, kisha mtazameni bila kumwelekeza. Mwambieni atafute ripoti ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ataandika “ubwiriunga” asipate kitu, na ripoti imo, kwa sababu aliyeipakia alijaza maneno ya utafutaji kwa Kiingereza tu. Jazeni jina la Kiswahili, la Kiingereza na la kisayansi, Oidium anacardii. Andikeni kila neno analochapa, hata akikosea herufi. Orodha hiyo ndiyo faida kubwa ya zoezi zima. Mkimwuliza tu ameionaje, kwa heshima atasema nzuri.

Majina ya waandishi nayo husumbua. Jina moja likiandikwa mara kwa kifupi, mara kwa kirefu, programu ya hifadhi ya kidijitali kama DSpace huonesha waandishi wawili. Amueni mtindo mmoja mapema.

Skani ya rangi yenye kurasa nyingi hula bando na hukwama katikati. Kurasa za maandishi matupu skanini kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), rangi ya kijivu, fanyeni utambuzi wa maandishi ili maneno ya ndani yatafutike, ndipo mbane faili.

Ripoti za mashambani mara nyingi zina majina na namba za simu za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hao. Ondoeni kurasa hizo, au fungeni faili mbakize muhtasari.

Wiki ya 3 jaribuni kurudisha data zote kutoka nakala rudufu kwenye seva tupu. Ya 4, wapeni watu wapya wawili kazi zilezile. Mmoja akishindwa kuipata ripoti ndani ya dakika 3, ahirisheni uzinduzi, hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa.