Kubuni rangi za gari la rali linaloenda Naivasha

Kabla ya kuchagua rangi, fikiria vumbi la Soysambu na Kedong, sehemu zinazopitiwa na rali hiyo. Ni laini kama unga, na gari la kijivu au rangi ya fedha humezwa nalo. Chungwa, nyekundu au bluu iliyokolea huonekana. Rangi isiyong'aa ipendeze vipi, iache: hushika uchafu na ni taabu kuisafisha.

Chora gari pande zote kwa kipimo cha 1:10. Tenga kwanza nafasi za namba na stika za waandaaji, ndipo uwapange wadhamini. Bandika mchoro ukutani, usimame mita 5. Ni sawa na kulitazama gari lenyewe likiwa mita 50. Jina lisilosomeka hapo, likuze au liondoe.

Safisha bodi kwa spiriti, si petroli. Mabaki ya mafuta huzuia gundi kushika. Bandika stika za rangi ukianzia nyuma kuja mbele, kila kipande cha mbele kikilalia cha nyuma kwa milimita 10. Ukigeuza mpangilio, upepo na kokoto vitaanza kubandua kingo. Milangoni, kunja milimita 15 kwa ndani, kisha upashe joto. Nyuma ya matairi ongeza plastiki nene isiyo na rangi. Stika za bampa chapisha seti mbili, bampa haidumu.