Namna ya Kukata Rufaa Dhidi ya Hukumu ya Mauaji

Mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji hudhani kwamba mahakama ya rufaa itamsikiliza upya kuanzia mwanzo. Sivyo. Kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Majaji husoma kumbukumbu za kesi na kujiuliza kama mahakama ya chini ilikosea katika sheria au katika kuupima ushahidi. Kwa hiyo kuandika tu kwamba "mimi sikuua" hakumsaidii mrufani, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuonyesha kosa na mahali lilipo.

Hatua ya kwanza ni notisi ya rufaa, yaani taarifa ya maandishi kwamba mtu anakusudia kukata rufaa, na hapa ndipo wengi hukwama. Muda ni mfupi: nchini Tanzania ni siku 30 tangu uamuzi wa Mahakama Kuu, Kenya siku 14, Uingereza siku 28, na huko Uingereza kwa kawaida huhitajika pia kibali cha kukata rufaa. Aliye gerezani huipitisha notisi yake kwa mkuu wa gereza, na mfungwa huyo ahakikishe kwamba tarehe aliyoikabidhi imeandikwa. Muda ukipita, huombwa nyongeza ya muda, lakini mwombaji atatakiwa aeleze sababu ya kuchelewa, na maelezo ya jumla hayatoshi.

Baada ya hapo ombeni nakala ya hukumu na mwenendo wote wa kesi, pamoja na vielelezo. Usomeni pole pole, kalamu mkononi, kabla ya kuandika sababu hata moja. Je, aliyoyasema shahidi mahakamani yanalingana na maelezo yake ya polisi? Maelezo ya kukiri kosa yalipopingwa, jaji alichunguza kwanza kama yalitolewa kwa hiari? Kama ushahidi ulikuwa wa kimazingira, yaani hakuna aliyeona tukio bali hatia ilitokana na dalili zilizounganishwa, uliondoa kila uwezekano mwingine isipokuwa hatia? Kuhusu utambuzi wa mshtakiwa, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuonya katika shauri la Abdalla bin Wendo la mwaka 1953 kwamba ushahidi wa shahidi mmoja, hasa pale mazingira ya kutambua yalipokuwa magumu, upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mwanga, umbali na muda ambao shahidi alimwona mtu huyo ni mambo ya kutafutwa ukurasa kwa ukurasa.

Tazameni pia nia ovu, yaani kusudio la kuua au kudhuru vibaya. Hata pale ambapo hakuna shaka kuhusu nani aliyeua, upande wa mashtaka bado una wajibu wa kuthibitisha nia hiyo, na ikiwa kulikuwa na ugomvi wa ghafla au uchokozi, hoja ya kuua bila kukusudia inaweza kuwa na nguvu kuliko kukana kila kitu. Mawakili wengine huiogopa kwa kuwa huonekana kama kukiri. Kwa maoni yangu huwekwa vizuri kama hoja ya pili, baada ya ile kuu.

Sababu za rufaa ziwe chache. Kila moja itaje kosa, ukurasa wa kumbukumbu, na namna kosa hilo lilivyoathiri uamuzi, kwani dosari ndogo isiyomdhulumu mshtakiwa haibatilishi hukumu. Hoja kwamba shahidi fulani ni mwongo ni ngumu, kwa sababu jaji wa kwanza ndiye aliyemwona akitoa ushahidi. Ushahidi mpya hupokewa kwa nadra: ni lazima uwe wa kuaminika, uhusike na shauri, na uwe haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa juhudi za kutosha.

Siku ya kusikilizwa, wakili huanza na hoja iliyo imara zaidi, si ile iliyoandikwa kwanza. Majaji wanaweza kumwachia huru mrufani, kuamuru kesi isikilizwe upya, kubadili kosa liwe kuua bila kukusudia na kupunguza adhabu, au kuitupa rufaa. Ikitupwa katika mahakama ya juu kabisa, mapitio, yaani kuiomba mahakama hiyo hiyo iuangalie tena uamuzi wake, hukubaliwa kwa sababu finyu sana, na ombi la msamaha huelekezwa kwa mkuu wa nchi au chombo kilichotajwa na sheria, si kwa majaji.