Bare na kodi ya F kwenye gitaa, hatua nilizompitisha mdogo wangu

Jana nimekaa na mdogo wangu masaa matatu kwa kodi (sauti za nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) moja tu, F, nikaona niandike maana najua wengi wamekwama hapohapo.

1. Tyuni gitaa, kuanzia uzi mnene: E A D G B E. Aplikesheni za simu zipo kibao.

2. Uzi wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ndo mnene. Bare ni kulaza kidole cha shahada kikate nyuzi zote sita.

3. Usianzie F! Nenda freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, hesabu kuanzia kichwani), nyuzi huko zinabonyea kirahisi. Laza shahada freti ya 5, cha kati uzi wa 3 freti ya 6, cha pete uzi wa 5 na kidogo uzi wa 4, vyote viwili freti ya 7. Hiyo ni A. Sogeza umbo hilohilo mpaka freti ya 3 unapata G, ya 1 ndo F yenyewe.

4. Hapa soma taratibu. Watu wanakamua gumba mpaka mkono unakufa ganzi, wakati shahada ina kazi ya nyuzi tatu tu, wa 6, wa 2 na wa 1, hizo nyingine zimeshabonyezwa na vidole vingine. Kwa hiyo igeuze shahada kidogo kwa upande utumie ule ubavu wenye mfupa, isogeze karibu kabisa na chuma cha freti, halafu vuta kwa uzito wa mkono kurudi nyuma. Piga uzi mmoja mmoja usikie upi umezimika. Ukiona bado, funga kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya 1 ujaribu bare freti ya 2, ikiwa laini ghafla basi we huna kosa, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale juu ya shingo kiko juu mno, peleka kwa fundi akichimbe kidogo. La mdogo wangu lilikuwa hivyo, na mimi miaka ile nilihangaika miezi bila kujua. Vile vifaa vya kukamua kukomaza vidole siviamini kabisa, na nyuzi za unene wa 12 kwa anayeanza ni mateso, weka za 10.

5. Hama-oni: piga uzi, kisha gonga kidole kingine mbele bila kupiga tena. Pulofu ni kinyume, unakichomoa kwa kukwangua uzi kidogo.

6. Piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) au vidole? Mi ni vidole. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, alipiga kwa gumba na shahada tu, gumba linashika besi, shahada inaimba juu. Anza na gumba peke yake mpaka lisiyumbe.