Geji ya kondensa ikipanda, usikimbilie kompresa

Miezi ya mvua huku Mtwara, jua likichomoza tu baada ya manyunyu, simu za viwanda vya kugandisha huanza: "Fundi, geji ya presha imefika bar 14.5, kompresa (mashine inayosukuma gesi) imekwisha." Mara nyingi kompresa haina kosa. Panda kwanza kwenye lile boksi la bati lililo juu ya paa, linalotoa mvuke: hiyo ndiyo kondensa, inayogeuza gesi ya kupozea kuwa kimiminika.

Ndani ya boksi kuna koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa. Gesi ya kupozea, amonia, inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto na inaingia kwa juu. Pampu inainua maji kutoka kwenye beseni la chini, nozeli zinayanyunyiza juu ya koili, na feni inavuta hewa. Wengi hudhani maji yanapoza kwa sababu ni ya baridi. Sivyo. Kilo moja ya maji ikipanda nyuzi 10 inabeba kilojuli 42 tu, lakini ikigeuka mvuke inaondoka na zaidi ya 2,400. Mtungi wa udongo nao hupoza maji kwa njia hiyohiyo. Amonia ikishanyang'anywa joto inakuwa kimiminika na kuteremka kwenye tangi.

Hatua ya 1: pima hewa. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukifunge kitambaa cha pamba kilicholowa. Simama pale feni inapovutia hewa, si pale mvuke unapotokea. Tuseme kikavu kinasoma 31 na kilicholowa 26. Kazi ya kondensa inafuata hiyo 26. Ikiwa kondensa yako ilipangwa kufanya kazi nyuzi 9 juu yake, amonia itageuka kuwa kimiminika kwenye 35, na geji itasoma karibu bar 12.5. Geji ya 14.5 maana yake amonia iko kwenye nyuzi 40, kwa hiyo una nyuzi 5 za kutafutia maelezo. Ila kama kilicholowa chenyewe kimepanda, hakuna kilichoharibika: hewa ya pwani imeshiba maji. Boksi hilohilo ukilipeleka Nachingwea wakati wa kiangazi litafanya kazi kwa raha.

Hatua ya 2: tazama maji yanavyoanguka. Tafuta sehemu kavu kwenye koili. Kiwanda kimoja cha kugandisha pweza Lindi walikuwa wameshaagiza vipuri vya kompresa. Nikafungua mfuniko, nikakuta nozeli zimejaa majani na vipande vya chokaa. Zitoe uzioshe. Usizitoboe kwa msumari, tundu likipanuka maji hayatawanyiki tena.

Hatua ya 3: chumvi. Hapa ndipo pwani inapotumaliza. Maji yanayoruka mvuke huacha chumvi na chokaa nyuma, na visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Kila kilowati 100 za joto hula karibu lita 150 za maji kwa saa. Ukitaka chumvi ya beseni isizidi mara 3 ya ile ya maji yanayoingia, mwaga nusu ya kinachoruka, yaani lita 75 kwa saa. Msimamizi akifunga valvu ya kumwagia ili kupunguza bili, koili huota gamba, na gamba huzuia joto. Ukisafisha beseni vaa barakoa, maji ya vuguvugu hufuga bakteria wa mapafu.

Hatua ya 4: kaza mikanda ya feni, hakikisha inazunguka upande sahihi.

Hatua ya 5: hewa iliyonaswa. Zima kompresa, acha pampu na feni ziendelee kufanya kazi hadi joto la kimiminika kinachotoka lilingane na la maji. Soma geji, linganisha na jedwali la amonia linaloonyesha presha ya kila joto. Ikizidi, kuna hewa ndani. Itolewe na aliyefunzwa, akiwa na kinyago cha gesi, kupitia valvu iliyo kwenye njia ya kutokea koili, mpira ukiishia kwenye ndoo ya maji, naye asiuache bila kuusimamia maana maji yanaweza kuvutwa ndani. Mapovu yanayofika juu ni hewa. Yakianza kutatarika na kuyeyukia majini, hiyo ni amonia, funga.

Geji ikiwa bado juu, sasa chukua spana ufungue kompresa.