Gari inavuja oili? Anza kutafuta juu ndo ushuke chini

Wadau wa Tanga wenye gari zilizokula umri, ukikuta doa jeusi chini ya injini usikubali haraka kubadilishiwa sili ya krenki ya nyuma (mpira unaozuia oili nyuma ya injini), hapo lazima gia boksi ishushwe na hela itaenda bure kama kinachovuja ni tapeti kava tu, yaani mfuniko wa juu wa injini.

Osha injini kwanza. Watu wanairuka hii wakati ndo kila kitu, maana oili inatiririka na upepo unaisukuma nyuma, inapodondokea sipo inapotokea. Injini ikipoa funika altaneta kwa nailoni, sugua kwa brashi na sabuni ya kukata grisi, suuza taratibu, ikikauka piga ruti mpaka Pongwe urudi. Zima, tandika boksi chini, shika tochi: tapeti kava, swichi ya oili, filta, halafu sampu (bakuli la oili chini ya injini) na nati yake ya kumwagia oili.

Mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava. Weka mpya, kwangua silikoni yote ya zamani, kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje kwa mkono mwepesi, ukitumia nguvu kava linapinda linavuja zaidi. Silikoni paka kidogo kwenye kona, ikizidi inamegukia ndani na kuziba chujio la sampu.

Inavuja sehemu nyingi? Angalia brida, njia ya injini kupumulia, ikiziba presha inasukuma oili hata kwenye sili mpya.

Ila oili ikidondokea ekzosi usisafiri jamani, inaweza kuwaka moto.