Walimu wawili wakigombana, fungua kwanza ratiba

Wakuu wenzangu wa shule hapa Moshi, walimu wawili wakiacha kusalimiana, msikimbilie barua ya onyo.

Mwaka jana mwalimu wangu wa hisabati na wa kemia walirushiana maneno mbele ya wenzao, chai ya saa nne ikiwa mezani. Nilimwita kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, simu nimeiweka kando. Nikasema, "Mwalimu, nieleze kilichotokea, siyo mwenzako yukoje." Wa kemia akanifungulia shajara ya darasa: wiki 3 mfululizo kipindi chake cha dakika 40 kilianza kwa kuchelewa, mwenzake bado yuko ubaoni. Wa hisabati naye alikuwa anahangaika kumaliza mada kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, Novemba. Wote wawili walikuwa wanawapigania watoto walewale.

Ndipo nikawakalisha pamoja. Hisabati ikapata vipindi 2 vinavyofuatana Jumatano, kemia ikahamia Alhamisi asubuhi. Tukaandika makubaliano, na baada ya wiki 2 nikawaita tena kuuliza kama yanafuatwa. Hatua hii wengi tunairuka, na bila hiyo ugomvi hurudi.

Kosa la kinidhamu lina njia yake. Tume ya Utumishi wa Walimu ipo kwa sheria ya mwaka 2015. Msongamano wa vipindi haufiki huko. Na tafadhali, msimtume mwalimu wa tatu awaletee habari za hao wawili. Atakosa wa kukaa naye ofisini.