Huduma za jamii kwa watoto wa awali: anza na koki ya maji

Mwongozo huu ni wa walimu wa elimu ya awali na wazazi wenye watoto wa miaka minne hadi sita, na mifano yake ni ya Dar es Salaam. Mada ya huduma za jamii mara nyingi hufundishwa kwa kubandika ukutani picha za daktari, askari polisi na askari wa zimamoto, kisha watoto wakayataja majina kwa pamoja. Majina huyashika haraka, lakini hubaki hawajui huduma humfikiaje mtu, wala kinachotokea inapokosekana. Kwa maoni yangu, ni bora kuchagua huduma moja ambayo mtoto ameitumia asubuhi hiyo hiyo, kuifuatilia hadi kwenye chanzo chake, ndipo kuhamia nyingine.

Hatua ya kwanza: fuatilieni maji. Wapeleke watoto kwenye koki ya shule, wafungue wenyewe, wanawe mikono na kufunga. Waulize maji hayo yametoka wapi. Wengi watasema yametoka bombani au kwenye tenki. Pokea majibu hayo, kisha uliza yalikuwa wapi kabla ya hapo. Waonyeshe mita ya maji, waone namba zikisogea koki ikiwa wazi na kusimama ikifungwa, maana hapo mtoto hutambua kwamba maji hupimwa na kulipiwa. Waeleze kwamba sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu, husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini mkoani Pwani, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matenki na mabomba ya mitaani, na kwamba DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ndiyo iliyokabidhiwa kazi hiyo.

Hatua ya pili: waone maji yakisafishwa. Jaza maji ya tope katika chupa mbili zinazopitisha mwanga. Katika moja tia shabu kidogo iliyosagwa, koroga, kisha ziache zote mezani mahali ambapo watoto wanaziona bila kuzigusa. Baada ya muda tope la chupa yenye shabu hujikusanya kuwa vibonge vidogo vinavyozama polepole, na maji ya juu huanza kung'aa, huku chupa ya pili ikiwa bado na ukungu. Waambie kwamba mitambo hutumia njia ya namna hiyo kwa maji mengi mno, kisha klorini huongezwa ili kuua vijidudu. Sisitiza kwamba maji kung'aa hakutoshi kuyafanya salama, na kwamba maji ya chupa hizo hayanywewi.

Hatua ya tatu: zungumzeni kuhusu siku isiyo na maji. Usiwahutubie, waulize. Watoto wa jiji hili wanaujua mgao wa maji: watakusimulia madumu yaliyopangwa uani, mama aliyeamka usiku wa manane kwa kuwa maji yameanza kutoka, au kuoga kwa kopo moja. Kutokana na simulizi zao, uliza choo cha shule kitakuwaje siku hiyo, uji utapikwa kwa maji gani, na mkunga wa zahanati atanawa na nini kabla ya kumpokea mtoto mchanga. Hiki ndicho kiini cha somo zima, kwa sababu mtoto hufikia mwenyewe jibu la kwa nini huduma ni muhimu. Kipe muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Hatua ya nne: ondoa hofu. Majumbani wapo wanaowatisha watoto kwa kusema, "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano," au, "Nitamwita polisi akuchukue." Nawasihi wazazi waache kauli hizi, kwa kuwa mtoto aliyepotea sokoni atamkimbia askari ambaye angemrudisha nyumbani. Ombeni wazazi walete kadi za kliniki, na umwonyeshe kila mtoto mahali palipoandikwa chanjo zake, ikiwemo ya surua na rubela inayotolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Waonyeshe pia picha ya askari wa zimamoto aliyevaa barakoa ya kupumulia, kwa sababu katika moshi mtoto anaweza kumwogopa na kujificha uvunguni.

Hatua ya tano: wafundishe kuomba msaada. Namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 112 ni ya polisi, na 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Igizeni kwa simu ya kuchezea: mtoto ataje jina lake, tatizo lililopo, mtaa anaokaa na alama iliyo karibu, kama msikiti, kanisa au duka. Alama ni muhimu kuliko namba ya nyumba, ambayo wengi hawaijui. Waeleze kwamba anayepiga kwa mchezo huzuia simu ya mtu ambaye nyumba yake inaungua kweli.

Hatua ya sita: wape kazi. Wachague koki au bomba linalovuja, wamweleze mwalimu mkuu, na wafuatilie hadi fundi afike. Fundi akifika, mwombe awaruhusu watazame, kwa umbali salama, anavyofunga maji kwenye valvu na kubadilisha kipande kilichochakaa, kisha wamuulize maswali yao wenyewe.